Izime Uwashe

Kwanza niseme kwamba aliyemwambia azime ni mimi. Niliyasema hayo bila kuinuka kitini, nimempa mgongo, kwa sababu Shanice wa saluni alikuwa ananipa habari za Josephat wa hardware na yule mwalimu wa Mwatate, na alikuwa amefika pale patamu.

"Dada Mumbe, imehang tena," Tryphena aliita kutoka chumba cha nyuma.

"Izime uwashe," nikasema.

Basi. Dakika kumi na tatu baadaye kaka yangu Nzuki akafa.

Duka langu liko Voi, mtaa wa nyuma ya soko. Nachapa barua, napiga picha za passport, natoa kopi, nafungua simu zilizoingia maji. Shule niliiacha kidato cha pili. Mengine nimeyaokota kwa watu na kwa video. Nina benchi tatu na hakuna siku zimebaki tupu. Mtu anakuja na karatasi moja ya kutoa kopi, anaondoka baada ya saa mbili akijua nani amehama, nani amerudi na nani anajifanya hajarudi. Hivyo ndivyo ninavyopenda.

Chumba cha nyuma niliipa kamati ya ndovu. Mashamba yetu ya huku chini yanapakana na mbuga, na kiangazi kikiuma ndovu wanavuka reli wanakuja kwa ndengu na matangi ya maji. Kamati ina walinzi wake wa kujitolea, kama Muinde, ambao wakiwaona wanapiga simu. Anayepokea ni Tryphena, msichana wa Bura, kule milimani, ameajiriwa na kamati kukaa pale kutoka saa tisa mchana. Anaandika meseji kwenye kompyuta, anabonyeza Tuma, na programu inazipelekea nyumba mia tatu arobaini na moja: ndovu wako mahali fulani, ingieni ndani. Hiyo programu niliiandika mimi. Watu wanaiita programu ya Mumbe, na nilikuwa nikiitwa hivyo natabasamu.

Ilikuwa na ila moja, na niliijua tangu siku ya kwanza. Nitaieleza vile nilivyokuja kuwaeleza wengine. Chukua kibanda cha chakula chenye mtu mmoja. Huyo huyo ndiye anapika chapati, na huyo huyo ndiye anakuja mezani kukuuliza unakula nini. Akiwa jikoni na chapati mia tatu, unaweza kuita mpaka koo likauke. Hajafa. Hajakataa. Yuko jikoni. Programu yangu ilikuwa hivyo. Ikianza kutuma, meseji moja sekunde nne, hakuna mtu aliyebaki mezani. Dirisha lake kwenye skrini linaganda, linakuwa jeupe, juu yake panaandikwa kwamba haijibu. Ndani kule kazi inaendelea vizuri tu, lakini wewe uliyekaa mbele yake huwezi kujua.

Dawa yake naijua, na si ngumu. Unaajiri mtu wa pili: kutuma kunapewa uzi wake, yaani njia yake ya kazi, peke yake nyuma, na dirisha linabaki na uzi wake wa kukusikiliza. Nilikuwa nikisema nitaitengeneza wiki ijayo. Miaka miwili. Badala yake niliandika karatasi nikaibandika pembeni ya skrini, kwa mkono wangu, kalamu nyekundu: IKIGANDA, IZIME UWASHE. Kwa siku za kawaida ilitosha, kwa sababu siku za kawaida inaganda mtu akiwa hana la haraka.

Siku ile Muinde alipiga saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Ndovu saba wamevuka reli. Tryphena akaandika, akatuma. Dirisha likaganda kama kawaida yake, naye akaliacha, kwa sababu si mjinga. Halafu Muinde akapiga tena: wamegawanyika, watatu wameshuka upande wa mashamba ya bondeni. Hiyo ni habari nyingine, inataka meseji nyingine. Tryphena akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaniita. Nikamjibu nilivyomjibu.

Ikazimwa ikiwa imefika mtu wa mia moja na hamsini. Ikawashwa, ikachukua dakika zake nne kuamka, ikaanza kutuma ile ya pili. Ikaanza tena juu kabisa, kwa herufi A.

Sasa angalia orodha yetu. Huku kwetu Wakamba ni Mutinda, Mulinge, Mumbe, Muinde. Wataita ni Mwa-hivi na Mwa-vile. Orodha ya herufi ukiishika Taita Taveta, ukifika M unakaa hapo mpaka chai ipoe. Nzuki alikuwa wa mia mbili tisini na nane. Watu wa A na B walionywa mara mbili. Nzuki alikuwa bondeni anafunga mfereji wa ndengu zake, na simu mfukoni.

Meseji ilimfikia saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita. Muinde alimpata kwa huo mlio. Alikuwa anatafuta gizani-gizani na tochi, akasikia simu ikilia katikati ya ndengu.

*

Nyumba ya mama ilijaa. Mama yetu anaitwa Mukonyo, nasi tunamwita Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao. Walikuja wa Mwatate, wa Taveta, wa Kibwezi, hata binti zake Mzee Kiilu tuliokuwa hatusalimiani nao wakaja na sufuria zao. Hema likasimamishwa. Vijiko vikapotea. Ndeti, shangazi yetu mwenye sauti, akagombana na mtu wa viti. Mimi napenda nyumba ikijaa, nadhani nimeshasema. Nilikaa katikati yao nikangoja ile raha yangu ya watu ije, haikuja. Nikangoja kilio, nacho hakikuja. Nilikuwa najibu. Mtu akinipa pole napokea, akiuliza chumvi iko wapi namwonyesha, akitupa mzaha nacheka mahali pa kucheka.

"Mumbe ana moyo," nilimsikia Ndeti akiwaambia wenzake. "Angalia vile anahudumia watu."

Siku ya pili niliingia chumbani na laptop, nikakaa kitandani katikati ya mikoba ya wageni, nikafungua faili ambalo programu inajiandikia yenyewe kila inachofanya. Kila mstari jina, namba, saa. Nikashuka nalo. Mia moja na hamsini, kimya. Kisha mwanzo tena. Nikapiga hesabu: kama ile ya kwanza isingezimwa, Nzuki angeipata saa kumi na mbili na thelathini na mbili. Muinde alisikia ndovu akilia saa kumi na mbili na thelathini na tano.

Niliisoma hiyo mistari kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Nikafungua programu nikaanza kuitengeneza.

Nilifanya siku tatu. Wanawake walikuwa wakichungulia mlangoni, wakiona vidole vyangu vinakwenda, wanarudi wakinong'onezana, "Muacheni, anaandika historia ya marehemu." Wakawa wananiletea chai na kuwafukuza watoto. Mmoja alinishika bega akaniambia niweke pia kwamba Nzuki aliwahi kumsaidia kubeba mlango kutoka sokoni. Nikamwambia nitaweka. Historia yenyewe niliiandika asubuhi ya mazishi kwa dakika kumi, na mlango niliuweka.

*

Kuhusu Tryphena nilianza kusikia kwenye mstari wa chakula. Msichana alizima mashine. Alizima akaenda zake. Alikuwa kwa simu na mwanaume. Mtu mmoja akasema, watu wa milimani wanajua nini kuhusu ndovu, kule kwao panya ndiye mnyama mkubwa. Wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba.

Umbea naujua. Kazi yangu nusu ni hiyo. Najua ukitoka kwa mdomo wa kwanza unafika wa kumi umeota miguu na viatu. Ningeweza kuukata hapo hapo na sahani mkononi. Nilipakua wali.

Yeye alikuja mazishini. Alisimama nyuma, na watu wakaacha nafasi pande zote mbili zake. Nilipopita karibu alisema, "Pole, Dada Mumbe." Hakumwambia mtu yeyote kwamba aliniita. Karatasi yangu ya kalamu nyekundu ilikuwa bado imebandikwa pale kazini; hakuitoa akawaonyesha. Nilielewa kwamba ananihurumia, mfiwa, na kwamba ataendelea kunihurumia mpaka aondoke Voi.

Kamati ikaitisha kikao Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, pale pale kwa mama, kwa kuwa hema lilikuwa bado halijachukuliwa na mwenyewe. Ajenda ilikuwa moja: Tryphena aachishwe, na jina lake lisomwe mbele ya watu kwamba ni kwa uzembe. Ukisomwa hivyo hapa kwetu, hata dukani kwa mtu hupewi kazi ya kufagia.

Nilipakia kompyuta ya kazini kwenye bodaboda, skrini nikaipakata mapajani, modem inayotuma meseji kwenye mfuko wa nguo. Nikavuta waya wa umeme kutoka dirisha la mama.

Mwenyekiti ni Mzee Sylus, aliyestaafu reli, mtu wa saa na filimbi. Alisoma karatasi yake mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Tryphena, mwanangu, una la kusema?"

"Sina, mzee."

"Ulizima ama hukuzima?"

"Nilizima."

Watu wakaguna. Mama alikuwa safu ya mbele, mkoba mapajani, anaangalia ardhi.

"Mimi ndiye nilimwambia azime," nikasema.

Sylus alinigeukia taratibu. "Mumbe."

"Aliniita. Nikamwambia izime uwashe. Nilikuwa nimekaa naongea na Shanice."

"Mumbe, mwanangu, kaa chini. Sote tuna uchungu."

"Sina uchungu, mzee. Nasema kilichotokea."

"Ni msiba unamsemesha," Ndeti aliwaambia walio karibu, kwa ile sauti yake anayodhani ni ya chini. "Hajalia tangu siku ile. Haya mambo hutafuta pa kutokea."

Nikaona hawataniamini. Walikuwa wameshanipa nafasi yangu katika hii habari, ile ya dada mwenye moyo, na hawakutaka niihame. Basi nikawasha kompyuta, nikafungua programu ya zamani vile ilivyokuwa, nikamwita Sylus mezani.

"Mzee, hii ndiyo aliyokuwa nayo. Wote mtapata meseji ya jaribio, msishtuke. Bonyeza hapa."

Akabonyeza. Simu ya mama mmoja anayeitwa Agnes ikalia chini ya hema, kisha simu mbili tatu nyuma. Dirisha likawa jeupe.

"Sasa Muinde amepiga simu," nikasema. "Anasema watatu wameshuka bondeni. Waandikie watu."

Sylus akabonyeza. Akabonyeza tena na tena, dakika kadhaa. Akashika kipanya akakigonga mezani kidogo, kama mtu anayeamsha saa.

"Haitaki," akasema.

"Muinde amepiga tena. Wanakaribia."

"Haitaki, nakwambia. Imekufa hii." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alitafuta nyuma ya kompyuta kwa mkono. "Si uizime tu uwashe?"

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi alipojisikia, akaurudisha. Mahali fulani katikati ya hema simu ya Mzee Kiilu ikalia, kwa sababu programu haikuwa imekufa. Ilikuwa jikoni, imefika herufi K.

Nikawaeleza ile ya kibanda na chapati. Nikawaeleza karatasi nyekundu, nikaitoa mfukoni nikampa Muinde, naye akaipitisha. Nikasema miaka miwili nilijua. Sauti yangu ilikuwa ile ninayotumia kumwambia mteja picha zake zitakuwa tayari saa nane.

"Na Tryphena mbona hakusema?" Sylus aliuliza.

Tryphena alikuwa akivuta uzi kwenye pindo la sketi. "Ningesemaje, mzee? Kwa matanga yao?"

Kisha nikaifunga ile ya zamani, nikafungua ile mpya. Hii inaanza na nyumba zilizo karibu na mahali walipoonekana, haifuati herufi. Kutuma kunafanyika nyuma. Mbele, dirisha linahesabu namba inavyopanda, na unaweza kuandika meseji ya pili wakati ya kwanza haijaisha. Nyumba ikijibu, jibu linatokea upande wa kulia. Nilichagua pale reli inapovukwa, pale pale pa siku ile. Nikaandika: Hili ni jaribio. Hakuna ndovu. Nikabonyeza.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hicho. Nyumba iliyo karibu zaidi na pale ni yetu, na namba ya nyumba yetu ni ya Nzuki. Simu ya kwanza ililia ndani ya mkoba wa mama.

Ule mlio wake wote waliujua. Muinde aliinuka, akakaa tena.

Mama alifungua zipu, akaitoa simu. Alikuwa anaichaji kila siku. Nilikuwa nikiiona ukutani pale jikoni na sikuwahi kuuliza. Hana miwani ya kusomea tangu mwaka jana. Aliangalia kulia na kushoto, na aliyekuwa karibu naye, kwa sababu viti vya pembeni vya yule msichana viliachwa vitupu na mama, asiyejali mambo ya viti, akakalia kimoja, alikuwa Tryphena.

"Nisomee."

"Hili ni jaribio. Hakuna ndovu."

"Na hiyo iliyo chini yake?"

Tryphena aliangalia skrini. Simu za wengine zilikuwa zinalia sasa, moja baada ya moja, hema zima. Kwenye kompyuta namba ilikuwa inapanda: kumi na nne, kumi na tano.

"Ni ile ya siku ile, mama. Saa kumi na mbili na arobaini na sita."

Mama akatikisa kichwa, akachukua simu yake. Akaniangalia, mara ya kwanza tangu tuanze.

"Mlikuwa mnaongea nini na huyo Shanice?"

"Josephat wa hardware. Kwamba anamwoa yule mwalimu wa Mwatate."

Mama alifikiria. "Si ana mke?"

"Ndiyo ilikuwa habari yenyewe, Mwaitu."

"Haya," akasema. Akairudisha simu kwenye mkoba, akafunga zipu. "Hiyo namba usiitoe. Mimi bado naishi pale."

Sylus akakunja karatasi yake mara nne. Hakusema kikao kimefungwa. Watu waliinuka tu mmoja mmoja, wengine wakaenda kwa Tryphena wakamsalimia kwa mkono kama waliokutana barabarani, wengine wakapita mbali nami kidogo. Jikoni mama alimpa Tryphena chai. Mimi hakunipa, nikajipimia mwenyewe.

*

Tryphena alirudi kazini Jumatatu. Dukani benchi mbili zinajaa, ya tatu bado. Wanaokuja wanaongea, ila nikikaribia wanabadilisha kidogo mwendo, na najua kwa nini. Hiyo habari sasa ni mimi, na mtu hapewi umbea wake mwenyewe.

Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, simu ya nyuma ililia. Nilisikia Tryphena akisema, "Wangapi? Upande gani?" kisha vidole vyake. Hakuniita. Hakuwa na haja ya kuniita. Shanice alikuwa mbele yangu na picha zake za passport, ameanza, "Na unajua yule mwalimu amerudi kwao," na niliinuka nikamwacha hapo.

Nilisimama nyuma ya kiti cha Tryphena. Dirisha lilikuwa zima, linahesabu. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Alikuwa ameshaanza kuandika meseji ya pili juu ya ile ya kwanza inayoendelea, bila haraka, na hakuna kilichokwama. Mahali karatasi nyekundu ilipokuwa palibaki gundi.

Upande wa kulia likatokea jibu la kwanza. Lilitokea na jina la mwenye namba, vile nilivyoiandika programu yenyewe.

Nzuki: Tumepata. Tuko ndani.

Mama hajui kuandika meseji. Atakuwa alimwita mtoto wa jirani, au alijifunza. Tryphena aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Dada Mumbe, nibadilishe jina?"

Namba ilikuwa thelathini na moja. Thelathini na mbili. Nilihisi kitu shingoni, kidogo, kama mtu aliyekalia mguu vibaya kisha damu ikaanza kurudi.

"Maliza kwanza kutuma," nikamwambia.